Toa, Baki

Fomu imetoka wilayani, ina muhuri, inauliza:
Sanaa, Darasa la Kwanza, dakika ngapi kwa wiki?
Mwalimu Skolastika wa Kitangari
anaivuta karibu, anafanya kama anavyowafundisha watoto:
toa, baki.

Ratiba ukutani inasema thelathini.
Ijumaa, kipindi cha mwisho.
Toa kumi za kufagia uwanja.
Toa tano za kumsubiri Fikiri, aliyeomba kwenda chooni
akapitia kwenye maembe ya jirani.
Toa wanaoaga mapema, kofia mfukoni,
wawahi msikitini.
Toa wiki nzima ya mtihani wa kusoma,
na wiki ya pili yake, ya kusahihisha.
Mkuu wa shule hana ubaya. Alisema tu,
"Hawa hata ba be bi haijakaa, mwalimu,
vinyumba vya kuchora vitawafaa nini?"
Akakichukua kipindi, akaweka hesabu,
kama jirani anayeazima chumvi.

Baki.

Baki ni boksi moja la kalamu za rangi,
kumi na mbili, kwa watoto tisini na wanne.
Nyekundu iliisha kwanza: hapa kila mtu
huanza na ardhi.
Kijani ikafuata, ikaliwa na mikorosho.
Bluu ipo. Bluu ingali ndefu, na ncha yake ya kiwandani,
maana bahari iko mbali, na maji,
alipowaambia wachore maji,
Somoe Nambunga aliyapaka njano.

"Somoe. Maji ni ya njano?"
Mtoto akamtazama
kama anayemtazama mtu asiyewahi kupanga foleni bombani.
"Ya njano, mwalimu. Ya kwenye dumu."

Kalamu ya kusahihishia ilikuwa tayari hewani.
Akairudisha mezani.

Na yale mengine, ayaandike wapi?
Mabibo yalipoiva, Ismaili alijichora kalamu tatu
kwa maji ya bibo, juu ya mfuko wa shati jeupe,
zimesimama kama za mkuu wa shule.
Doa la bibo halitoki.
Mama yake alisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa matusi,
kalamu zikabaki,
na hadi leo Ismaili ndiye mtoto pekee
anayeingia darasani na kalamu za kutosha.

Na dawati la tatu, upande wa dirisha:
mtu ametia msumari, amechonga uso wa bibi yake,
na chale, shavu hili kumi na saba,
shavu lile kumi na saba,
hakuna iliyopinda.
Mkwenda alichapwa viwili kwa kuharibu mali ya shule.
Mkwenda, daftari la maendeleo linasema,
kuhesabu bado hajavuka kumi.

Halafu ile siku ya Machi, mvua juu ya bati,
sauti ya mwalimu ikazama, ba ikazama, be ikazama,
naye akavunja chaki vipande vipande
akawaonyesha sakafu kwa kidole.
Saa mbili.
Hakuna aliyeomba kwenda chooni, hata Fikiri.
Walichora wakirudi nyuma kwa magoti
mpaka migongo yao ikagota ukutani,
simenti yote imejaa, pa kukanyaga hapana.
Kesho yake wenye zamu walifagia,
ila walimzunguka kuku mmoja na vifaranga vyake,
wakamwacha,
na mwalimu aliyeingia kufundisha dini
akamruka bila kuuliza.

Kisanduku cha fomu ni kidogo, kinameza tarakimu mbili tu.
Anaandika kumi na tano. Anafuta.
Anaandika saba. Karatasi imeanza kuchakaa hapo.
Mwisho anaandika thelathini, kama mwaka jana,
kama shule zote.

Chini kuna mahali pa maoni, mstari mmoja.
Huko haharakishi. Anaandika kwa mwandiko wa ubaoni,
wa kusomeka hadi dawati la nyuma:
Tunaomba nyekundu. Bluu tunayo.